Kicheko Ndani ya Guildhall: Kisa cha William Hone, Desemba 1817

Watetezi wa uhuru wa maoni wamezoea kusema kwamba kejeli ni silaha ya mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, na kwamba jamii huru hutambulikana kwa namna inavyowavumilia wanaoicheka. Kauli hiyo ina ukweli wake, ila imerudiwa mno hata haituelezi tena kejeli hufanya kazi gani hasa, wala kwa nini fikra za kiliberali ziliona haja ya kuilinda badala ya kuivumilia tu kama utovu wa adabu. Kesi moja ya London, iliyosikilizwa kwa siku tatu mfululizo, tarehe 18, 19 na 20 Desemba 1817, inalijibu swali hilo vizuri kuliko nadharia nyingi. Mshtakiwa alikuwa William Hone, muuza vitabu na mchapishaji mdogo mwenye umri wa miaka 37, ambaye biashara zake zilikuwa zimeanguka zaidi ya mara moja na ambaye alikuwa na watoto wengi wa kulisha. Alishtakiwa kwa kuchapisha mizaha mitatu iliyoiga maandiko ya ibada ya Kanisa la Uingereza. Alijitetea mwenyewe bila wakili, na mara zote tatu jopo la raia 12 likasema hana hatia.

Maelezo ya kawaida ya ushindi huo ni kwamba jopo lilimhurumia maskini, au kwamba watu wa London walikuwa wameichoka serikali. Yote mawili yalikuwapo, lakini hayatoshi. Kilichomwokoa Hone ni kwamba kicheko kilichotoka ndani ya mahakama kiliifanya sheria ijianike yenyewe, ikaonekana wazi kwamba ilikuwa ikitumika kwa upande mmoja.

Mazingira ya mwaka huo yanahitaji maneno machache. Vita dhidi ya Napoléon vilikuwa vimekwisha mwaka 1815, askari walikuwa wamerudi nyumbani bila kazi, mavuno ya 1816 yalikuwa mabaya, na sheria mpya ya nafaka ilikuwa ikiilinda bei ya ngano ya wenye mashamba dhidi ya ngano ya nje. Desemba 1816 mkutano wa hadhara wa Spa Fields uliishia katika ghasia. Tarehe 28 Januari 1817 gari la Mwanamfalme George, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, George III, lilishambuliwa alipokuwa akirudi kutoka kufungua Bunge. Mwezi Machi Bunge likasimamisha haki ya mtu aliyekamatwa kufikishwa mbele ya hakimu, na tarehe 27 mwezi huohuo Lord Sidmouth, waziri wa mambo ya ndani, akatoa waraka uliowaambia mahakimu wa majimbo kwamba wana mamlaka ya kuwakamata wanaouza maandishi ya kufuru au ya uchochezi. William Cobbett, mwandishi maarufu kuliko wote wa upande wa mageuzi, akakimbilia Marekani. Magazeti nayo yalikuwa yakitozwa ushuru wa stempu wa peni 4 kwa kila nakala, kiasi kilichohakikisha kwamba habari za siasa zinabaki kuwa starehe ya wenye uwezo.

Hone aliuza vijitabu vyake kwa peni 2. Bei hiyo ni sehemu ya kesi, kwa maana mashtaka hayaeleweki bila kujua ni nani aliyetarajiwa kuvisoma.

Vijitabu vilikuwa vitatu. Cha kwanza kiliiga katekisimu, yaani mafundisho ya dini ya maswali na majibu, na kuiweka mdomoni mwa mbunge aliyenunuliwa na serikali. Cha pili kiliigeuza litania, yaani sala ya kuitikizana, kuwa maombi ya raia waliochoshwa na Mwanamfalme, na Bunge lote la juu na la chini. Cha tatu kiliiga kanuni ya imani ya Atanasio, tamko la kale la imani juu ya Utatu wa Mungu, na mahali pa Utatu kikawaweka mawaziri watatu, yaani Lord Eldon, Lord Castlereagh na huyohuyo Lord Sidmouth, kikitangaza kwamba wizara yao ni moja, upumbavu wao ni sawasawa na ubadhirifu wao ni wa milele. Inafaa kukisogeza kimoja karibu ili tuone mzaha ulivyofumwa. Katika katekisimu ya mbunge, sala anayofundishwa inasema: “Bwana wetu uliye katika Hazina, jina lako lolote liwalo, mamlaka yako yarefushwe, mapenzi yako yatimizwe katika himaya yote kama yanavyotimizwa katika kila kikao. Utupe mafungu yetu tuliyoyazoea, utusamehe tunapokosekana mara mojamoja wakati wa kura, kama nasi tunavyoahidi kutowasamehe wanaopiga kura kukupinga.” Inaendelea kuomba kwamba waumini wake wasiondolewe vyeoni, wabaki katika Bunge, nchi ya pensheni na neema, na waokolewe na wananchi. Katika amri zake kumi mbunge anakatazwa kusema kwamba kuwaacha watu wafe njaa ni mauaji, au kwamba kuwaibia wananchi ni wizi.

Msomaji makini ataona kwamba hakuna neno hata moja linalosema lolote kuhusu Mungu. Sala imeazimwa kwa sababu mbili. Kwanza, kila Mwingereza wa wakati ule aliijua kwa moyo tangu utotoni, hivyo mwandishi hakuhitaji kueleza chochote, kwani mdundo wa maneno ulitosha. Pili, unyenyekevu ambao sala hudai kwa Mungu ndio uleule ambao wabunge wa serikali walikuwa wakiupeleka Hazina, na kuyaweka mambo hayo mawili katika sentensi moja ni kutoa hoja, tena hoja ambayo makala ya kurasa kumi isingeitoa kwa ukali huo. Nani, kwa hiyo, alikuwa ameikosea heshima sala: aliyeandika mzaha, au waliokuwa wakiyaishi maneno yake?

Mwezi Februari 1817, baada ya kusikia kwamba baadhi ya watu wanaona vijitabu hivyo vinaidharau dini, na baba yake mzazi akiwa miongoni mwa walioumia, Hone aliacha kuviuza kwa hiari yake. Richard Carlile, mchapishaji mwenye msimamo mkali zaidi, aliona nafasi hiyo, akavichapa upya na kuviuza, akatiwa ndani miezi kadhaa akisubiri kesi. Mwezi Mei Hone naye akakamatwa. Mwanasheria Mkuu alikuwa ametumia njia iliyomruhusu kufungua mashtaka kwa mamlaka yake mwenyewe, bila kwanza kuyapitisha kwa jopo la uchunguzi, na mshtakiwa akakaa gerezani miezi miwili hivi kabla ya kuachiwa kusubiri kesi.

Serikali ilikuwa na njia mbili mbele yake. Ingeweza kushtaki kwa uchochezi, na kwa kweli shtaka la pili lilitaja pia kumkashifu Mwanamfalme na Mabunge yote mawili. Lakini uzito wa kesi iliuweka kwenye kufuru. Uamuzi huo haukuwa wa bahati nasibu. Kesi ya uchochezi ingewalazimu waendesha mashtaka wakiri kwamba waliochekwa ni mawaziri, kisha washughulike na swali kama mawaziri walistahili. Kesi ya kufuru ingewaita wanajopo waitetee sala waliyofundishwa na mama zao. Hapo serikali ilikuwa ikijificha nyuma ya madhabahu, na kama jopo lingekuwa na haya ya kidini tu, bila jingine, mpango huo ungefaulu.

Kesi ilifunguliwa Guildhall, ukumbi wa Jiji la London, mbele ya Jaji Abbott, na mwendesha mashtaka alikuwa Mwanasheria Mkuu, Sir Samuel Shepherd. Hone aliingia akiwa amevaa koti jeusi lililochakaa kwa kupigwa brashi, akifuatwa na shehena ya vitabu vya zamani vilivyopangwa mezani mbele yake. Tatizo la kwanza la serikali lilijitokeza mapema mno: ili kuthibitisha shtaka, ilibidi maandishi yenyewe yasomwe kwa sauti. Basi yakasomwa, kwa utulivu na uzito wa kimahakama, na ukumbi ukaangua kicheko. Shepherd hakukosa la kusema. Alidai kwamba kicheko hicho ndicho ushahidi kamili wa madhara ya kijitabu, kwa kuwa watu walikuwa wakicheka maneno yaliyofanana na ya sala.

Nimeisoma hoja hiyo mara kadhaa na naona kwamba ndicho kiini cha kesi nzima, ingawa wanaoisimulia huipita haraka. Kuanzia hapo pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya jambo moja tu, yaani kicheko kile kilikuwa kikishuhudia nini. Kwa Mwanasheria Mkuu, mtu anayecheka anaposikia “Bwana wetu uliye katika Hazina” anaicheka sala ya Bwana. Kwa Hone, mtu huyo anaicheka Hazina, na anaweza kuicheka kwa sababu tu sala ya Bwana bado ina heshima moyoni mwake, maana pasingekuwa na heshima hiyo pasingekuwa na tofauti ya kuchekesha. Hakuna sheria iliyoweza kuamua kati ya tafsiri hizo mbili. Wenye uwezo wa kuamua walikuwa watu 12 waliokuwa wameketi pale na ambao, tunaweza kudhani bila kukosea sana, baadhi yao walikuwa wakijizuia wasicheke wao wenyewe.

Utetezi wa Hone ulikuwa wa ajabu kwa wingi wake na kwa kukosa kwake ufasaha wa kiwakili. Kwa muda wa saa sita hivi siku ya kwanza, saa saba siku ya pili na saa nane siku ya tatu, alifungua kitabu kimoja baada ya kingine na kuwasomea wanajopo miigo ya maandiko matakatifu iliyoandikwa na watu ambao hakuna aliyethubutu kuwaita makafiri. Martin Luther alikuwa ameiga Zaburi ya kwanza. Mkuu wa kanisa kuu la Canterbury wa karne ya 17, Dk. Boys, alikuwa ameiga sala ya Bwana ili kumshambulia Papa. Jarida la Blackwood la Edinburgh, lililokuwa upande wa serikali, lilikuwa limechapisha mwigo wa lugha ya Biblia miezi miwili tu kabla ya kesi. Alionyesha pia michoro ya James Gillray, mchoraji wa vikaragosi aliyewahi kulipwa pensheni na serikali hiyohiyo. Kisha akafika kwa George Canning. Miaka ya 1797 na 1798 Canning alikuwa miongoni mwa waandishi wa gazeti la Anti-Jacobin, ambalo lilitumia maneno ya ibada kuwakejeli Waingereza waliopendezwa na mapinduzi ya Ufaransa. Mwaka 1817 Canning alikuwa waziri, mmoja wa wale waliokaa katika baraza ambalo Mwanasheria wake Mkuu alikuwa sasa akimshtaki muuza vitabu wa peni 2 kwa kosa lilelile.

Waswahili husema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, na sidhani kama kuna mahali methali hiyo iliwahi kudhihirishwa kwa vielelezo vingi hivyo mbele ya jaji. Abbott alijaribu kumzuia, akisema kwamba kosa la mwingine haliwezi kumsafisha mshtakiwa, na kisheria alikuwa sahihi. Lakini Hone alikuwa akitoa hoja nyingine kabisa. Alitofautisha mwigo unaolicheka lile andiko linaloigwa na mwigo unaolitumia andiko hilo kama chombo cha kulicheka jambo jingine, na akasema kwamba karne tatu za Uingereza zimeuhesabu mwigo wa aina ya pili kuwa halali. Kama Luther, Boys na Canning hawakukufuru, basi yeye pia hakukufuru. Na kama yeye alikufuru, kwa nini hakuna waziri aliyeketi kizimbani karibu naye? Jopo lilitoka na kurudi chini ya robo saa.

Siku ya pili Lord Ellenborough, Jaji Mkuu, akaamka kitandani akiwa mgonjwa na kuja kuiendesha kesi mwenyewe, dhahiri kwa sababu hakuridhika na jinsi Abbott alivyoishughulikia. Kilichofuata kinaonyesha ni kwa nini mamlaka huogopa kicheko kuliko hoja. Ellenborough alihoji masherifu, yaani maofisa wa jiji wenye kusimamia utulivu mahakamani, wako wapi, akataka waje, na mmoja wa masherifu akatangaza kwamba mtu wa kwanza atakayeonekana akicheka ataletwa mbele ya jaji. Sherifu angeweza kumkamata mtu mmoja aliyecheka; kukamata ukumbi mzima kulimshinda. Tena amri yenyewe ilichekesha, kwani kila aliyekaza uso kwa kuogopa kukamatwa alizidi kuwachekesha walio karibu naye. Mwisho wa siku Jaji Mkuu alitumia haki aliyopewa na sheria ya Fox ya mwaka 1792, sheria iliyowapa wanajopo uamuzi wa mwisho katika kesi za maandishi lakini ikamruhusu jaji kutoa maoni yake, akawaambia kwamba kwa kuitii dhamiri yake na Mungu wake anaitamka kazi hii kuwa kashfa yenye kufuru kubwa. Wanajopo walikaa karibu saa moja na dakika 45, wakarudi na jibu lilelile.

Siku ya tatu Mwanasheria Mkuu alionyesha kwamba yuko tayari kuahirisha kwa kuwa mshtakiwa alikuwa hoi. Hone alikataa. Shtaka hili lilihusu kanuni ya imani ya Atanasio, na hapo ndipo kulipotokea tukio moja dogo ambalo naliona zito kuliko miigo yote aliyoisoma. Hone alitaja kwamba hata baba yake Jaji Mkuu, Askofu Edmund Law wa Carlisle, alikuwa na mashaka juu ya kanuni hiyo. Ellenborough alimjibu kwamba yoyote yaliyokuwa maoni ya baba yake, ameshakwenda mahali alikotoa hesabu ya imani yake, akamwomba kwa heshima ya kawaida tu asiendelee. Hone alijibu mara moja kwamba hakika hataendelea, akaacha. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukejeli alitambua papo hapo mahali ambapo kejeli ingegeuka kuwa ukatili mtupu. Jopo lilikaa dakika 20 hivi, na nje maelfu ya watu wakashangilia.

Mwaka uliofuata Ellenborough alijiuzulu na kufariki tarehe 13 Desemba 1818, na kukazuka masimulizi kwamba kesi hii ndiyo iliyomuua. Alikuwa mgonjwa kabla yake, na ni afadhali tuyaache masimulizi hayo. Kwa Hone, mchango wa hadhara uliofunguliwa kwa mkutano wa tarehe 29 Desemba 1817 ulikusanya zaidi ya pauni 3,000.

Tuirudie sasa nadharia. Zaidi ya miaka mia moja kabla ya kesi hii, mwanafalsafa Mwingereza, Earl wa tatu wa Shaftesbury, alikuwa ameandika, mwaka 1708 na 1709, kwamba kejeli ni kipimo cha ukweli: jambo zito la kweli halipungukiwi kitu kwa kuchekwa, ila uzito wa bandia hauwezi kustahimili kicheko. Wengi humtaja kama baba wa utetezi wa kiliberali wa kejeli. Lakini yeye mwenyewe aliweka mpaka ambao watetezi wake wa leo huusahau. Alisema wazi kwamba anatetea uhuru wa klabu tu, ule ambao waungwana na marafiki wanaofahamiana vizuri hupeana wanapoketi faragha. Thomas Hobbes kabla yake, mwaka 1651, alikiona kicheko kuwa fahari ya ghafla ya mtu anayejiona bora kuliko mwenzake, na kwa hiyo hatari kwa amani. Kati ya wanafikra hao wawili pengo si kubwa kama linavyoonekana, kwa maana wote walidhani kwamba kicheko cha umati ni jambo jingine kabisa na kicheko cha mezani.

Kesi ya Hone inauvunja mpaka huo, na ndiyo maana naiona kuwa sehemu ya historia ya fikra na si ya mahakama peke yake. Canning alicheka ndani ya klabu, hata kama klabu hiyo ilikuwa na ukubwa wa tabaka zima la watawala. Hone alicheka kwa peni 2. Hakuna tofauti nyingine ya kweli kati ya maandishi yao iliyoweza kuonyeshwa mbele ya jopo, na Mwanasheria Mkuu alipokuwa akihangaika kuitafuta aliishia kurudi kwenye bei, kwenye wingi wa nakala na kwenye aina ya watu watakaosoma. Hapo serikali ilikuwa imekiri kwamba kinachoadhibiwa ni msomaji maskini. Kipimo cha Shaftesbury kilifanya kazi, ila si kwa jinsi alivyokitarajia. Kilichopimwa kwa kicheko na kukutwa kipungufu hakikuwa imani ya Atanasio, wala sala ya Bwana, bali dai la serikali kwamba inaitetea dini bila upendeleo.

Nadhani John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza wa uliberali, alikuwa na mambo ya namna hii akilini alipoandika, mwaka 1859, kurasa za mwisho za sura yake juu ya uhuru wa mawazo na mijadala. Anakubali kwamba matusi, kejeli na mashambulizi binafsi vinaweza kuharibu mjadala. Kisha anasema kwamba anayetaka vizuiwe angestahili kusikilizwa zaidi kama angependekeza vizuiwe kwa pande zote mbili sawasawa, lakini kawaida ni kwamba hutakiwa vizuiwe vinapoelekezwa dhidi ya maoni yaliyotawala, huku wanaoyatetea maoni hayo wakisifiwa kwa bidii yao wanapotumia silaha zilezile. Kwa hiyo anafikia kwamba sheria haina kazi ya kuuzuia upande wowote. Hoja hii ni finyu kuliko usemi wa kwamba kejeli ni njema au ni tiba ya jamii, na kwa sababu hiyo ni imara zaidi. Haimlazimu mtu kukubali kwamba mzaha wa Hone ulikuwa mzuri. Mtu anaweza kuuona kuwa wa kitoto, au kuumia kama alivyoumia baba yake Hone, na bado akashikilia kwamba dola isiyoweza kumshtaki Canning haina uso wa kumshtaki Hone.

Kesi hii hata hivyo haikuleta yote ambayo watetezi wa kejeli wangependa ilete. Hukumu ya jopo haiweki kanuni kwa kesi zinazofuata. Kosa la kufuru lilibaki katika sheria ya mapokeo ya Uingereza na Wales hadi lilipofutwa mwaka 2008. Baada ya mauaji ya Peterloo ya tarehe 16 Agosti 1819, ambapo askari wa farasi walivamia mkutano wa amani mjini Manchester, Bunge lilipitisha Sheria Sita, na mbili kati yake zililenga uchapishaji: moja iliongeza makali dhidi ya maandishi ya kufuru na uchochezi, na nyingine ikautandaza ushuru wa stempu hadi kwenye vijitabu vya siasa vya bei nafuu. Serikali ilikuwa imejifunza somo. Kwa kuwa haikuweza kulishinda jopo, ilikwenda moja kwa moja kwenye bei.

Hone naye alijibu mwezi wa Desemba 1819 kwa kijitabu chenye michoro ya George Cruikshank, kilichoufuata muundo wa wimbo wa watoto na kuuzwa kwa shilingi 1, bei iliyozidi kiwango cha ushuru mpya. Kikachapwa upya zaidi ya mara 50, na hakuna aliyemshtaki. Nani angependa kusoma tena mashairi ya watoto kwa sauti ya kimahakama mbele ya watu 12? Ikulu nayo ilitafuta njia ya pembeni. Mwezi Juni 1820, George akiwa sasa mfalme na kesi ya mkewe Caroline ikikaribia, Cruikshank alilipwa pauni 100 kwa ahadi ya kutomchora mfalme katika hali yoyote isiyo ya adabu. Michoro dhidi ya mfalme haikukoma. Malipo hayo yananishughulisha kuliko waraka wa Sidmouth, kwa kuwa nadharia ya kiliberali imejiandaa vizuri dhidi ya mwendesha mashtaka na haijajiandaa hata kidogo dhidi ya mtu mwenye kununua ukimya kwa stakabadhi.

Na yupo Carlile. Yeye ndiye aliyekaa gerezani kwa sababu ya miigo ya Hone, akaachiwa Hone aliposhinda. Oktoba 1819 alihukumiwa kwa kuchapisha maandishi ya Thomas Paine na ya Elihu Palmer yaliyoikana dini ya ufunuo waziwazi, bila mzaha wowote. Alipewa kifungo cha miaka 3 na faini ya pauni 1,500, na kwa kuwa hakuweza kuilipa, alibaki gereza la Dorchester hadi mwaka 1825. Kwake hapakuwa na Luther wala Canning wa kusomwa, kwa maana hakuwa akiazima maneno ya sala kuwacheka mawaziri. Alikuwa akisema kwamba sala yenyewe haina msingi. Wanajopo wa Hone waliweza kumwachia bila kuligusa swali hilo, wakarudi nyumbani wakiwa Wakristo wema waliocheka kidogo. Mapema mwaka 1823 kijana wa miaka 16 aliandika barua kwa gazeti la Morning Chronicle akitetea haki ya Carlile na wenzake kuchapisha walichokiamini, akazitia saini kwa jina la Wickliffe. Kijana huyo alikuwa Mill, na barua hizo hazina mzaha ndani yake.